Uhakiki wa Chupa Tupu

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kuwaeleza vijana kwamba kazi ya fasihi ina fani na ina maudhui. Fani ni namna jambo linavyosemwa. Maudhui ni jambo lenyewe. Watoto wetu wa Singida waliyakariri maneno hayo mawili bila kuyaona, hata siku moja, kwa kukata tamaa, nikachukua chupa tupu ya soda iliyokuwa dirishani mwa ofisi ya walimu nikaingia nayo darasani. Nikawaambia, "Hii chupa ndiyo fani. Soda aliyokunywa mwalimu mwenzangu jana ndiyo maudhui." Wakacheka, wakaelewa, na wengine wakaandika habari ya chupa katika mtihani wa muhula.

Mhakiki anayejiheshimu atanilaumu kwa mfano ule. Fani na maudhui havitenganishwi kama chupa na soda. Ukibadili namna ya kusema umekwisha kubadili lisemwalo. Nakiri kosa. Lakini kadiri miaka inavyokwenda naona kwamba mfano uliokuwa mbaya kwa fasihi ulikuwa mzuri ajabu kwa chupa yenyewe, na ndiyo maana leo, baada ya kustaafu, nataka kuihakiki chupa kama nilivyokuwa nikihakiki riwaya. Mhakiki huanza na kitabu kilichoko mbele yake. Kilichoko mbele yangu ni kreti nne za chupa tupu za soda, chupa 96 kamili, zilizopangwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yangu tangu mwaka 2014.

Kilichonichokoza ni semina. Mwaka jana nilialikwa, kama mstaafu na mzee wa mtaa, kuhudhuria mafunzo ya siku moja katika ukumbi mmoja hapa mjini. Vijana waliotufundisha walitoka Dar es Salaam, wana adabu na wanasema vizuri. Wakatueleza kwamba dunia inatoka katika uchumi wa kutumia na kutupa, inaingia katika uchumi mzunguko, ambao wengine huuita uchumi rejelezi: kitu kikitengenezwa kisifikie mwisho, bali kirudi, kitengenezwe tena, kitumike tena. Ukutani walibandika picha ya mshale uliojikunja hata kichwa chake kikagusa mkia. Wakatutajia pia taasisi ya Ellen MacArthur iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010, ambayo imelieneza sana wazo hilo. Sikujua kabla ya hapo kwamba mama huyo alikuwa baharia, na kwamba mwaka 2005 aliizunguka dunia peke yake kwa mashua kwa siku 71. Nikamwelewa mara moja. Mtu aliyekaa siku 71 katika mashua, na chakula chake chote kikiwa kimehesabiwa, hahitaji kuelezwa kwamba vitu vina kikomo.

Kila mmoja wetu alipewa chupa mbili za plastiki za maji, za nusu lita. Sitawacheka kwa hilo, ingawa wapo waliocheka chinichini. Kiu ni kiu, na bomba la ukumbi halikuwa likitoa maji.

Ugomvi wangu na semina ile ni juu ya mambo mawili yaliyosemwa mle. La kwanza lilisemwa na wakufunzi: kwamba tunatupa ovyo kwa sababu ya tabia, na tabia itabadilika kwa elimu. La pili alilisema mzee mwenzetu mmoja, naye alishangiliwa kuliko wote. Alisimama akasema kwamba wazungu wanatuletea kitu tulichokuwa nacho. Mababu zetu, akasema, hawakutupa kitu. Kibuyu kikipasuka kilishonwa. Kopo la maziwa liligeuka kibatari, tairi likageuka kandambili. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga. Ni wakati wa kurudi nyumbani, nikipita kando ya Ziwa Kindai, ambako upepo wetu wa Singida ulikuwa umezikusanya chupa za plastiki kwenye majani ya ukingoni kama mchungaji anavyokusanya mbuzi, ndipo nikajiuliza nilikuwa nashangilia nini.

Maana nilikulia katika boma la Kinyaturu, na nakumbuka vizuri kwamba wazee wetu walitupa sana. Kila boma lilikuwa na jalala lake. Maganda, majivu, mifupa, vipande vya vyungu, kata iliyovunjika, vyote vilitupwa nyuma ya nyumba bila mtu kuona haya, na juu ya jalala lile maboga yalistawi kuliko shambani. Mama yangu alirusha taka kwa mkono ule ule na kwa moyo ule ule ambao mjukuu wake hurushia chupa dirishani mwa basi. Tofauti ilikuwa katika kitu kilichorushwa. Kile cha mama kililiwa na mchwa.

Na vile ambavyo havikutupwa, havikutupwa kwa sababu ya ufukara. Kibuyu kilishonwa kwa kuwa kibuyu kingine kilikuwa bado shambani, hakijakomaa. Kibatari cha kopo kilikuwa cha mtu asiyeweza kununua taa ya chemni. Miaka ya themanini tulipovaa nguo za mtumba tuliziita "kafa Ulaya", na jina hilo halikuwa la watu wanaojivunia mzunguko wa mali. Nayaheshimu mafundi wa wakati ule, na ningependa mikono yao ikumbukwe. Lakini kuita uhitaji wa mtu maskini kuwa ni falsafa ya mazingira ni kumsifu mfungwa kwa kutotembea usiku. Siku tulipopata uwezo kidogo wa kutupa, tulitupa.

Basi kama si elimu na si urithi wa mababu, ni nini? Hapo ndipo ninaporudi kwenye kreti zangu, kwa kuwa chupa hizi ni ushahidi ambao hakuna aliyeuleta semina. Katika mji huu huu wa Singida, katika miaka ile ile, watu wale wale wenye elimu ile ile walikuwa wakinywa soda ya chupa ya kioo na kuirudisha chupa, kisha wakinywa maji ya chupa ya plastiki na kuitupa. Mtu mmoja, kiu moja, pengine siku moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa na uchumi mzunguko na wa kushoto una uchumi wa kutupa. Huwezi kusema alikosa elimu kwa mkono mmoja.

Itazame chupa ya kioo. Ukiishika juani utaona mikanda miwili iliyochubuka, mmoja begani na mwingine karibu na kitako, kioo kikiwa kimepoteza mng'ao na kuwa cheupe kama jicho la mzee. Hiyo ni alama ya safari. Kila chupa zinaposukumana kiwandani na kwenye magari husuguana mahali hapo hapo. Chupa ya namna hii inaweza kuoshwa na kujazwa mara 20 na zaidi kabla haijachakaa, na ikichakaa au ikivunjika, vigae vyake huyeyushwa vikawa kioo tena. Ninazo chupa hapa ambazo mikanda yake ni mipana kama kidole. Zimewahi kukaa katika harusi na misiba ya watu nisiowajua, Dodoma, Tabora, Mwanza pengine, kabla hazijafika ukutani kwangu.

Sasa uiulize swali la mhakiki: chupa hii ni ya nani? Mnywaji aliilipia soda, si chupa. Kama hakuja na chupa tupu aliacha hela ya chupa, na akiirudisha alipewa hela yake. Mwenye duka naye alikuwa ameiweka hela hiyo kwa wakala, na wakala kwa kampuni. Chupa ilipita katika mikono mia na haikuwa ya hata mmoja wao. Tangu ilipotoka kiwandani hata iliporudi ilikuwa ya mwenyewe, na jina lake limeandikwa juu yake. Ndiyo maana nasema ule mfano wangu wa darasani ulikuwa mzuri: katika soda ya kioo, mnywaji ananunua maudhui na kuazima fani. Katika soda ya plastiki anauziwa vyote viwili, na dakika tano baadaye maudhui yamekwisha, amebaki na fani ambayo hakuitaka, haimfai, na hakuna wa kumrudishia.

Sijui kama vijana wa leo wanakumbuka jinsi sheria ile ilivyokuwa kali. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa themanini, ungeweza kuwa na fedha mkononi ukakosa soda kwa kukosa chupa. "Umekuja na chupa?" lilikuwa ndilo swali la kwanza la muuzaji. Mgeni akifika nyumbani, mtoto alipewa chupa tupu mbili, moja kila mkono, vidole vikiwa vimeingizwa shingoni mwake, akaambiwa asikimbie. Alikimbia. Akianguka, kilio chake hakikuwa cha goti lililochubuka peke yake, kwa kuwa alijua nyumbani chupa ina thamani gani. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule utunzaji wa mazingira, na mjini hapakuwa na bango hata moja.

Mama watoto wangu alifungua duka dogo mwaka 1988, la chumvi, sabuni, mafuta ya taa na soda. Mshahara wa mwalimu wakati ule msomaji mwenye umri wangu anaukumbuka. Alianza na kreti moja, akamalizia na nane. Mimi niliziona zile kreti kama vitu vya kupita, yeye aliziona kama benki. Fedha ya sanduku ilikuwa na njia elfu za kutoka: ada, michango, ndugu aliyekwama stendi. Lakini chupa tupu hazikopwi na ndugu. Mwaka 1995 mtoto wetu wa pili alipougua usiku na asubuhi tukatakiwa fedha hospitali, mama yake alipakia kreti mbili tupu kwenye baiskeli ya jirani akaenda nazo duka la jumla, akarudi na fedha kabla ya saa nne. Kijana yule ni mtu mzima leo. Kwa hiyo nikisema chupa tupu ilikuwa na thamani, sisemi kwa mafumbo.

Mhakiki mwaminifu hasifu upande mmoja tu, na katika upande wa pili kuna jambo ambalo semina haikuligusa. Mzunguko ule mzuri ulibebwa na nani? Kila chupa aliyokuwa nayo mama watoto wangu ilikuwa imekwisha kulipiwa na yeye. Chupa iliyovunjika njiani ilikuwa hasara yake. Iliyovunjwa na mlevi, yake. Mteja aliyekwenda na chupa na kuhama mtaa, hasara yake. Kampuni ilikaa na hela za chupa za maduka yote madogo nchini, kwa miaka, bila riba. Tulizoea kusema kwamba kampuni ilikuwa inatuazima chupa. Ukikaa ukapiga hesabu, mama wa duka la mtaa ndiye aliyekuwa anaikopesha kampuni.

Na alipotaka kulipwa deni lake, hakulipwa. Soda za plastiki zilipoingia kwa wingi wateja wakazipenda, na sitawalaumu: unainunua unaondoka nayo, hukai kwenye benchi la duka ukimalizia huku muuzaji akikuangalia shingo ya chupa. Mauzo ya soda ya kioo yakapungua mwezi hadi mwezi. Mwaka 2014 alipoamua kufunga duka alizirudisha kreti nne za mwisho kwa wakala, ambaye sitamtaja. Akaambiwa kwamba siku hizi hawanunui chupa tupu, wanabadilisha tu: leta tupu, lipa soda, chukua iliyojaa. Akasema hauzi tena soda, anataka hela yake ya chupa. Wakamwambia kwa upole kabisa kwamba utaratibu umebadilika. Alirudi na kreti zake juu ya mkokoteni, akazipanga ukutani kwa mikono yake, akafuta vumbi, akasema watakuja kuzitaka. Alifariki mwaka 2016. Hawajaja.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mzunguko unaweza kukatika bila mtu yeyote kubadili tabia. Ulikatikia kwenye dirisha la wakala, pale mwenye chupa alipokataa kuwa mwenyewe.

Kwa nini alikataa? Nilidhani ni uroho, na uroho haukosekani. Lakini nimekaa sana na madereva, nao wamenifundisha jambo. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 700. Lori lililoleta soda za kioo lilipaswa kurudi na kreti tupu. Kwa njia nzima ya kurudi lilibeba vioo na hewa. Lori linaloleta soda za plastiki likishusha mzigo haliwiwi kitu na mtu, linakwenda soko la vitunguu la Misuna, linapakia magunia hata maturubai yanakataa kufunga, na linarudi pwani na nauli kamili. Nauli hiyo ni nafuu kwa mkulima wa vitunguu. Nawaona vijana kutoka Ikungi na Mkalama wakijenga nyumba za bati kwa vitunguu na alizeti, na sina ujasiri wa kuwaambia kwamba malori yarudishe chupa badala ya mazao yao. Uchumi wa kutupa haukuletwa na watu wavivu tu. Ulileta faida halisi kwa watu halisi, na taka ikaachwa kwa yule asiyekuwepo kwenye hesabu.

Asiyekuwepo kwenye hesabu ni nani? Ni mama mmoja ninayemwona alfajiri akipita na gunia la salfeti mgongoni, akiokota chupa kwenye mitaro na pembezoni mwa stendi. Anauza kwa kilo. Msomaji ajaribu kuinyanyua chupa tupu ya maji ya nusu lita: ina gramu 10 hadi 15 hivi. Kupata kilo moja lazima ainame mara 65 kwa uchache, na kama chupa ni zile nyepesi, mara 100. Mnunuzi wake hapa naye anabanwa na zile kilomita 700, maana chupa tupu ni hewa iliyofungwa, na hewa hailipi nauli, kwa hiyo anampa bei ndogo. Upepo ukivuma, na kwetu huvuma, nusu ya mzigo wake huenda kwenye michongoma ya watu. Semina zinamwita mdau muhimu wa uchumi mzunguko. Ningependa aitwe hivyo siku atakapolipwa kwa kila chupa kama alivyokuwa akilipwa yule mtoto aliyetumwa dukani.

Jambo hilo si ndoto. Wenzetu waliotutangulia katika kutupa ndio waliotutangulia pia katika kujuta. Mwaka 1955 gazeti la Life la Marekani lilichapisha picha ya familia ikirusha hewani sahani, vikombe na vyombo vingine vya kutumia mara moja, kwa furaha, kama watu waliokombolewa na kuosha vyombo. Mwaka 1971 jimbo la Oregon katika nchi hiyo hiyo lilitunga sheria ya kuweka hela ya chupa kwenye vinywaji. Ujerumani tangu mwaka 2003 hutoza amana ya senti 25 za Euro kwa chupa nyingi za kutumia mara moja, za plastiki zikiwamo. Mnywaji akiirudisha dukani hupewa fedha zake, na aliyeitupa huacha fedha hizo kwa atakayeiokota. Wajerumani hawakuzaliwa na mioyo safi kuliko yetu. Wamewekewa hela mlangoni.

Na sisi wenyewe tumewahi kuonja nguvu ya namna hiyo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya walikuwa wamefanya hivyo Agosti 2017, na Rwanda mapema zaidi, mwaka 2008. Nakumbuka wiki zile. Mifuko ya rambo, iliyokuwa imening'inia kwenye miiba ya Singida kama maua ya msimu wote, iliacha kuongezeka, na vikapu vya ukindu vikashuka kutoka darini. Je, tulikuwa tumeelimika kati ya Mei na Juni? La hasha. Sheria ilimgusa aliyetengeneza, aliyeingiza na aliyeuza, na mnunuzi akafuata. Baadaye vifuko vyepesi vya kufungia vyakula vikaanza kutumika kubebea nyanya na dagaa, kwa kuwa panapobaki upenyo biashara hupita. Lakini hiyo nayo ni hoja yangu. Mfuko ulipata sheria. Chupa ikaachwa, ikapata semina.

Sitaki msomaji adhani kwamba nauona mji wangu kama jalala tu. Kuna mzunguko mmoja hapa ambao haujakatika, na hauna bango. Nenda kwenye mashine yoyote ya kukamua alizeti msimu wa mavuno. Gunia linaingia, mafuta yanatoka huku, mashudu yanatoka kule. Mashudu hayatupwi hata kiganja. Ni chakula cha ng'ombe na kuku, yanapimwa na kuuzwa, na nimeona wenye mashine wanaokubali mashudu kuwa ndiyo malipo ya kukamua. Hakuna aliyewahubiria. Kitu chenye mnunuzi hakiitwi taka.

Na mafuta yale huuzwa wapi? Kando ya barabara kuu, katika madumu yaliyotumika na katika zile zile chupa za maji za plastiki, zimeoshwa, zimejazwa, zimepangwa juani zikang'aa kama taa. Asali pia. Wakufunzi wa semina wangefurahi. Mimi hufurahi nusu. Fundi wa mafuta atakuambia kwamba jua huyaharibu, na chupa iliyotengenezwa kutumika mara moja haikuumbwa kuoshwa na maji ya moto. Ukimwagia hujikunja kama karatasi. Mama anayeuza hapo amefanya kila alichoweza kuipa fani ile kazi ya pili. Aliyeiumba hakuipa nafasi hiyo. Ukiona kazi mbovu hivyo, humlaumu msomaji, unamwendea mwandishi, na mwandishi wa chupa ya plastiki hajaitwa kwenye semina hata moja niliyohudhuria. Tumeitwa wasomaji tu.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana mmoja wa mtaani, ameanza biashara ya kahawa ya jioni na anatafuta viti. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mjukuu wangu." Akasema ameziona kreti zangu kwa muda mrefu, zikipinduliwa na kuwekewa godoro dogo juu zinakalika vizuri, na chupa akizimwaga nitakuwa nimepata nafasi ukutani. Akataja bei, nayo ilikuwa bei ya haki. Nikamwambia zile kreti si zangu, wala chupa. Akauliza ni za nani. Nikamwonyesha jina lililochapwa ubavuni mwa kreti. Alilisoma, akanitazama kama wanavyotazamwa wazee, akasema atapita tena Jumamosi.

Baada ya yeye kuondoka nilitwaa kitambaa nikazifuta vumbi.